Aliyezoea meli ndogo za Ziwa Nyasa ataipenda meli ya ghorofa 20?

Mwalimu wa Ziwani (Mbeya)

Habari za jioni ndugu zangu. Nina swali kwa yeyote aliyewahi kupanda hizi meli kubwa za kitalii za siku hizi, hasa kama kabla ya hapo moyo wake ulikuwa kwenye meli ndogo.

Mwanangu wa kwanza yuko Marekani, huu ni mwaka wa tisa. Mimi nafikisha miaka 60 Desemba na kustaafu, naye anataka kunilipia safari ya usiku saba kutoka Miami kwenye Icon of the Seas. Amenitumia picha na maelezo yote, nami nimeyasoma kalamu mkononi kama ninavyosahihisha insha. Urefu wake ni mita 365. Ina sitaha 20 na mabwawa 7 ya kuogelea. Ikijaa kabisa inabeba abiria 7,600, na wafanyakazi wake ni 2,350, yaani karibu watu 10,000 juu ya maji. Safari ya kwanza na abiria ilikuwa Januari 2024.

Mniruhusu niseme ninakotoka, maana bila hapo swali langu halieleweki. Mwaka 1991 nilipangiwa shule ya msingi kwenye mwambao wa Ludewa, chini ya milima ya Livingstone. Kwetu huko mlima unashuka moja kwa moja hadi majini na barabara haikuwepo. Unapanda basi Mbeya hadi Kyela, unakwenda Itungi, halafu ni meli. Wakati huo tulikuwa na MV Songea na MV Iringa. Kwa miaka sita likizo zangu zote zilianzia na kuishia melini.

Vituo vingi havikuwa na gati. Usiku meli inapiga honi, inapunguza mwendo, na wewe uko ukingoni unatazama giza. Mara unaona karabai moja ufukweni, kisha ya pili, kisha zinaanza kusogea juu ya maji. Ni mitumbwi. Mtumbwi unagusa ubavu wa meli, abiria anashusha mzigo kwanza, anasubiri wimbi liuinue mtumbwi, ndipo anaachia mkono. Pale Ikombe walikuwa wakipandisha vyungu vya Wakisi vilivyofungwa kwa majani makavu ya migomba. Kulikuwa na baharia mmoja mtu mzima, kila chungu alikipokea kwa mikono miwili, akakigonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Chenye ufa alikirudisha palepale, maana kikifika Mbamba Bay kimepasuka mwenyewe atasema kimevunjikia melini. Nilimtazama mtu yule akigonga vyungu arobaini au hamsini mfululizo na sikuchoka.

Upepo wa mwera wa Julai umenitapisha zaidi ya mara moja, na bado meli ikipiga honi moyo wangu ulikuwa unaruka.

Sasa naomba mnijibu kwa ukweli. Kwenye meli ya sitaha 20, maji unayaona? Injini unaisikia? Unajua mmefika kwa kuona kamba ikirushwa, au unatangaziwa kwa kipaza sauti? Zawadi ya mtoto siikatai. Hofu yangu ni kukaa siku saba ndani ya mji na kurudi Mbeya bila kumbukumbu ya meli. Mwanangu anasema meli ni meli. Kuna aliyetoka kwenye ndogo akaipenda kubwa?

Kijana wa Makambako

Shikamoo Mwalimu. Nenda, usifikirie mara mbili.

Mimi nafanya kazi Dubai, na mwaka juzi nilimpandisha mama yangu meli kubwa kwa usiku nne. Mama ana goti bovu na anaogopa maji tangu utoto. Lifti ipo kila upande, meli haitikisiki, na usiku wa kwanza aliniuliza kama tumeshaondoka ilhali tulikuwa baharini saa tatu nzima. Meli hizi zina mapezi ubavuni yanayochomoza chini ya maji kuzuia kuyumba, na ukubwa wenyewe unasaidia. Mwalimu umeyumbishwa vya kutosha na ziwa, sasa pumzika.

Halafu ukubwa una uzuri wake. Dubai ipo Queen Elizabeth 2, ile ya mwaka 1969, tangu 2018 ni hoteli inayoelea. Enzi zake ilikuwa fahari ya dunia na ina tani kama 70,000. Hiyo Icon ni karibu tani 250,000. Nikisimama gatini chini ya kitu kama hicho naona akili ya binadamu ilivyofika mbali. Sioni kwa nini mpenzi wa meli asifurahi.

Baharia Mstaafu (Iringa)

Kamwene Mwalimu. Nimefanya kazi melini mikataba mitano, upande wa vyumba vya abiria. Kampuni sitaitaja. Meli yangu ya kwanza ilibeba abiria kama 700, ya pili zaidi ya 4,000, kwa hiyo swali lako nalijua kwa miguu yangu mwenyewe.

Mdogo wangu wa Makambako amesema kweli kuhusu utulivu. Lakini Mwalimu hakuuliza kama atapumzika.

Hofu yako ina msingi, ila haiko pale unapodhani. Maji utayaona, tena mengi. Kinachofichwa ni kazi. Kwenye ile meli ndogo, sehemu ya kamba tezini, yaani nyuma ya meli, ilikuwa wazi, na abiria walisimama juu yake saa kumi na mbili asubuhi na vikombe vyao vya kahawa wakitutazama. Baharia anarusha kwanza kamba nyembamba yenye kifundo kizito mwishoni, mtu wa gatini anaidaka, anaivuta, na ile kamba nene inafuata nyuma yake polepole kama chatu. Kulikuwa na mzee mmoja aliyekuwa akituhesabia: leo umekosa mara moja, jana hukukosa. Kwenye ile kubwa, kamba zimo ndani ya chumba kilichofungwa, chini kabisa, na abiria hafiki. Anaamka, anafungua pazia, anakuta mji umesimama dirishani. Ndivyo ilivyo pia kwa jiko, dobi, takataka na mizigo. Kuna njia ya wafanyakazi inayopita chini karibu urefu wote wa meli, tuliiita I-95, jina la barabara kuu ya pwani ya mashariki ya Marekani. Saa kumi usiku pale ni kama Kariakoo. Juu, abiria amelala, haoni chochote.

Niliwahudumia wengi waliotoka kwenye meli ndogo. Siku ya pili unawakuta wanazunguka sitaha hadi sitaha kama mtu aliyeangusha ufunguo. Baadhi walibaki hivyo hadi mwisho. Wengine walipata mahali pao, nao ndio waliokuwa wakiniaga kwa furaha.

Kwa hiyo fanya hivi. Kwanza chumba. Meli za aina hiyo zimepasuliwa katikati, na ndani yake kuna bustani yenye mimea hai. Vyumba vingine vina kibaraza kizuri kabisa, lakini kinatazama bustani hiyo, bahari huioni. Mwambie kijana asome vizuri kabla ya kulipa. Mwombe chumba cha upande wa bahari, cha chini, karibu na tezi. Watu wanakikimbia kwa sababu kinatetemeka kidogo, lakini wewe ndicho unachokitafuta.

Pili, usimkose rubani. Meli kama ile haitoki Miami bila rubani wa bandari, yule anayeiongoza meli kupita njia ya bandari. Ikishapita mlango wa bandari, boti ndogo inakuja inakimbia sambamba nayo. Mlango mdogo unafunguliwa ubavuni, karibu na maji, ngazi ya kamba inashushwa. Rubani anashuka hadi ngazi za mwisho, anasimama, anapima wimbi, boti inapoinuka anaachia mkono. Meli ina mabwawa saba na mtu anashuka kwa ngazi ya kamba, Mwalimu. Nilipokuwa na nafasi nilikimbia kwenda kumtazama kila mara, na nilikuwa peke yangu. Abiria wote walikuwa upande wa muziki.

Na jambo la viza: safari inatoka Marekani na kurudi Marekani, kwa hiyo viza yako lazima iruhusu kuingia zaidi ya mara moja. Nimeona mama mmoja kutoka Afrika Magharibi akibaki gatini na sanduku lake.

Msoma Historia (Tukuyu)

Mwalimu, shikamoo. Kabla hujaikataa hiyo Icon, ujue ina undugu na ziwa jirani yetu.

MV Liemba ya Tanganyika ilijengwa mwaka 1913 na Meyer wa Papenburg, Ujerumani. Ilifunguliwa vipandevipande, ikafungwa kwenye makasha, ikaja kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma, ikashushwa majini 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe isichukuliwe na adui, baada ya kuzipaka injini grisi nzito. Waingereza waliiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini kama Liemba. Urefu wake ni mita 71. Icon imejengwa Turku, Finland, katika kiwanda cha familia hiyohiyo ya Meyer. Ukizipanga Liemba tano mstari mmoja bado huifikii.

Papenburg yenyewe iko bara, kwenye mto Ems. Meli kubwa zikikamilika pale zinashushwa mtoni kinyumenyume, tezi mbele, polepole, na watu wanajaa ukingoni kutazama.

Na kwa ndugu wa Makambako: hizo tani 250,000 si uzito. Ni kipimo cha nafasi iliyofungwa ndani ya meli. Ndiyo maana zinakua juu kama majengo, kwa sababu kinachouzwa ni nafasi.

Shemasi (Njombe)

Bwana asifiwe. Kama kijana wako bado hajalipa, mwulize kuhusu meli za pwani ya Norway. Nilisoma huko miaka miwili. Kuna safari ya meli iliyoanza 1893, siku hizi inatoka Bergen hadi Kirkenes, kaskazini kabisa, inayopitia bandari 34 kwa kwenda, na kwenda na kurudi ni kama siku 12. Ina watalii, ndiyo, lakini pia wanakijiji wanaokwenda hospitali, mizigo, godoro la mtu. Inasimama bandari nyingine saa nane usiku kwa dakika kumi na tano, inashusha mzigo na kuondoka. Nilisimama sitahani Februari kwenye baridi kali nikakumbuka Lupingu ya Ziwa Nyasa. Nadhani hiyo ndiyo meli yako, Mwalimu.

Kijana wa Makambako

Baharia, nimekusoma. Lakini wazazi wetu wamefanya kazi na kuona kazi maisha yao yote. Kuna ubaya gani kuficha kamba siku saba ili mama akae?

Baharia Mstaafu (Iringa)

Hakuna ubaya, mdogo wangu, na mama yako alipata alichohitaji. Mwalimu amesimulia mtu anayegonga vyungu. Huyo ukimficha kamba umemnyima safari.

Mwalimu wa Ziwani (Mbeya)

Marahaba wote, na ndaga fijo. Nimesoma mara tatu.

Shemasi, hiyo ya Norway nimeiandika kwenye daftari na sitaisahau. Lakini mwanangu ameshalipa malipo ya awali, na jana usiku tumeongea kwa simu karibu saa nzima. Nilimweleza habari ya chumba. Ni kweli, alikuwa amechagua kibaraza cha bustani, akidhani nitafurahi kuona miti. Leo asubuhi amekibadilisha, amepata cha upande wa bahari, chini, nyuma.

Halafu nikamsomea ile sehemu ya rubani na ngazi ya kamba, akanyamaza. Hapo nikamwambia jambo ambalo kwa miaka yote hii sikuwahi kumwambia. Mwaka 1994, akiwa na miezi minne, tulifika kituoni kwetu saa tisa usiku na ziwa limechafuka. Niliogopa kushuka naye. Yule baharia wa vyungu alimfunga kwa khanga kifuani pake, akashuka yeye mtumbwini, akakaa na kumshikilia mpaka na mimi niliposhuka, kisha akafungua khanga, akanipa mtoto, akapanda tena. Hatukuulizana majina. Mwanangu aliniuliza mara mbili kama ni kweli.

Sasa anasema tutakwenda kumwona rubani pamoja. Kaka wa Iringa, nijibu moja tu: anashukia upande gani? Nataka tuwe tumeshasimama pale kabla boti haijafika.

Baharia Mstaafu (Iringa)

Upande uliokingwa na upepo, Mwalimu. Mkishaondoka gatini simameni sitaha ya chini iliyo wazi, msikie upepo unatoka wapi, mhamie upande wa pili. Mkiona mlango unafunguka chini yenu, mko mahali penyewe.