Rod Smith hayumo Canton: nimenyamaza vya kutosha, leo naongea

Wakuu salaam.

Mods, nawaomba msiuunganishe uzi huu na ule wa matokeo ya wiki. Huu una shida yake peke yake, na mwenye shida ni mimi.

Jana mapumziko ya chai kazini, kijana mmoja kavaa fulana mpya ya Denver Broncos, timu yetu ya futiboli ya Kimarekani, mikunjo ya pakiti bado iko kifuani, akaiona kofia yangu yenye namba 80 akauliza hiyo 80 ni ya nani. Nikamwambia ya Rod Smith, mpokeaji wa zamani wa haohao Broncos, yaani mtu wa kudaka mipira inayorushwa. Akasema, "Nani?" Hapa hapa Aurora, Colorado! Uwanja wenyewe wa Broncos, barabara ikiwa haina magari, ni mwendo wa nusu saa. Nikarudi kwenye mashine chai haijaisha kikombeni.

Simlaumu. Angemjulia wapi? Kule Canton, Ohio, kwenye Jumba la Heshima la futiboli ya Kimarekani, wamepanga vichwa vya shaba vya kila waliyemwona anafaa. Cha Rod Smith hakipo. Amekuwa na haki ya kupigiwa kura tangu darasa la 2012, na majina yakitangazwa tunakodoa macho tu, hayumo.

Kwa mnaofuatilia soka peke yake, niwape picha kidogo ndipo mnielewe povu linatoka wapi. Huku kuna kitu kinaitwa drafti. Kila mwaka timu zote zinakaa na kuchagua vijana wa vyuo kwa zamu, raundi baada ya raundi. Mwaka 1994 raundi zilikuwa saba na wakaitwa vijana zaidi ya 200. Rod Smith hakuitwa. Alitoka Missouri Southern, chuo cha mji wa Joplin kinachocheza daraja la pili, ambacho hata Mmarekani ukimtajia anakuna kichwa. Aliondoka pale na rekodi za chuo za kupokea mpira na shahada tatu juu. Haikusaidia. Humu ndani nani hajui ile ya majina kubandikwa ubaoni, unapitisha kidole kuanzia juu mpaka chini, halafu unaanza tena labda herufi wamekosea? Mimi majina ya kidato cha tano nilipitisha kidole mara tatu.

Asiyeitwa anaokotwa na timu yoyote kwa mkataba wa bei ya kutupa. Kambini ndiye wa kwanza kufungashiwa virago, na sababu si uwezo. Kocha akimkata kijana aliyechaguliwa raundi ya pili, amekiri mbele ya tajiri wa timu kwamba walichagua vibaya. Akimkata wa kuokotwa, nani atauliza? Broncos walimwokota wakamtia kikosi cha mazoezi msimu mzima wa 1994. Yaani wiki nzima unakimbizana na mabeki ili wenzako wajiandae, siku ya mechi unavaa nguo za nyumbani.

Septemba 1995 wakampa nafasi. Denver na Washington, 31 kwa 31, zimebaki sekunde za kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja na kidogo. John Elway, kwotabeki wa Denver, yaani mrushaji mpira, anarusha yadi 43, anayemkaba Smith ni Darrell Green, beki ambaye leo kichwa chake cha shaba kiko Canton. Smith anapaa, anaudaka kwenye mstari, saa imeisha, 38 kwa 31. Huo ndio mpira wake wa kwanza kabisa kudaka kwenye ligi. Wa kwanza! Msimu mzima ule akadaka sita tu, na uliofuata 16. Mnaona alivyosubiri? Mtu kaua mechi hivyo, bado anarudishwa benchi kusubiri mpaka 1997.

Alipofunguliwa mlango, basi tena. 1997 yadi 1,180 na tachidauni 12, yaani mara 12 kufika na mpira mwisho wa uwanja, ndiyo magoli ya huku. Kuanzia hapo misimu sita mfululizo kila mmoja zaidi ya yadi 1,000, na baadaye 2004 na 2005 akarudia, ya mwisho akiwa na miaka 35. Jumla mipira 849, yadi 11,389, tachidauni za kupokea 68, na Super Bowl, yaani fainali ya ligi, kashinda mbili. Kabla yake hakuna mpokeaji asiyechaguliwa kwenye drafti aliyewahi kufika yadi 10,000. Hakuna.

Sasa njoo kwenye hoja ninayoichukia kuliko zote, ile ya "alibebwa na Elway". Wanaoisema hawajawahi kushika kalamu. Elway alistaafu mwaka 1999, baada ya Super Bowl ya pili. Mpaka hapo Smith alikuwa na mipira 6, 16, 70 na 86. Jumla 178, na hata hiyo yote si ya Elway, maana 1998 Bubby Brister naye alirusha. Toa 178 kwenye 849. Mipira 671 imetoka kwa akina Brian Griese, Gus Frerotte, Steve Beuerlein, Jake Plummer, na mwishoni kabisa mtoto Jay Cutler. Msimu wake mkubwa kwa yadi, 1,602, ni 2000, Elway yuko nyumbani anacheza gofu. Huyo aliyebebwa alibebwa na nani?

Halafu 2001. Hapa mniache niseme polepole, kwa sababu nilikuwepo.

Nilitua Denver Agosti 2001, na mechi ya kwanza ya mchezo huu maishani mwangu ilikuwa Jumatatu ya Septemba 10, saa moja usiku, sebuleni kwa kaka yangu aliyenipokea. Uwanja mpya ulikuwa unafunguliwa siku hiyo, Broncos na Giants wa New York. Sikuelewa chochote. Niliona watu wanakimbia hatua tatu wanaangukiana, wanasimama, wanajadiliana. Kaka akaniambia, "Bwana mdogo, usitazame mpira, mtazame huyu 80 na huyu 87." Wa 87 alikuwa Ed McCaffrey. Mwaka mmoja kabla, hao wawili kila mmoja alidaka mipira mia na zaidi, Smith 100, McCaffrey 101. Nikamtazama 87 kama nilivyoambiwa, na usiku huohuo akavunjika mguu. Ule mguu ulivyokaa sitausimulia. Broncos wakashinda 31 kwa 20. Kesho yake asubuhi ikatokea ya New York na Washington, na mechi ile hakuna aliyeikumbuka tena. Kaka yangu alikaa mbele ya televisheni ileile siku tatu, hajabadilisha shati.

Sasa fikirini hesabu ya uwanjani. McCaffrey kaondoka mechi ya kwanza, msimu wake umekwisha. Terrell Davis, mkimbiaji wao, magoti yamekwisha kazi. Kila beki wa ligi anajua mpira unaenda kwa 80. Wanamwekea wawili, mmoja mbele mmoja nyuma. Na kwotabeki ni Griese, si Elway. Smith akadaka mipira 113. Namba moja ligi nzima, mmoja zaidi ya Jimmy Smith wa Jacksonville, mbele ya Marvin Harrison. Akiwa na miaka 31, mwenye nyonga ambayo baadaye ilikuja kumstaafisha. Nilitazama kila mechi ya mwaka ule. Hakuwa na mbio za Randy Moss wala kifua cha Terrell Owens. Alikuwa anakata kona kali, anageuka, mpira umeshafika mikononi, anakula kibao mgongoni, anasimama anampa refa mpira. Hachezi ngoma, haongei. Nadhani hilo nalo limemponza.

Kuna kazi nyingine isiyoandikwa kwenye daftari lolote. Tafuteni mkanda wowote wa 1998, mwaka ambao Davis alikimbia yadi 2,008. Acheni kumtazama Davis. Tazameni ukingo wa kioo. Kuna mpokeaji kainama, kamshika beki wa pembeni kifuani kwa viganja viwili, anamsukuma nyuma hatua kwa hatua hadi nje ya chaki, na Davis anapita kwenye uwazi huo kama anakwenda dukani. Huyo ni 80. Wapokeaji wengine mbio zikiwa si zao wanasimama mikono kiunoni. Super Bowl yake ya kwanza, dhidi ya Green Bay, Smith hakudaka hata mpira mmoja. Sifichi, ni sifuri. Davis siku ile akakimbia yadi 157 na tachidauni tatu, karibu robo ya pili nzima akiwa nje na kipandauso, Denver wakashinda 31 kwa 24. Mnadhani njia ilijifungua yenyewe? Mwaka uliofuata dhidi ya Atlanta, walipomhitaji adake, akadaka mitano kwa yadi 152, mmoja wa yadi 80 mpaka mwisho wa uwanja, Elway kajifanya anampa Davis, beki wa nyuma kaingia mkenge.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Michael Irvin wa Dallas: mipira 750, yadi 11,904, tachidauni 65, yumo tangu 2007. Smith kamzidi mipira 99 na tachidauni tatu, kapungukiwa yadi 515. Irvin ana Super Bowl tatu, Smith mbili. Tofauti kubwa ninayoiona ni kwamba Irvin aliitwa wa 11 kwenye drafti ya 1988 na mdomo alikuwa nao. Lynn Swann, mipira 336, yadi 5,462, yumo tangu 2001. Najua, najua, enzi za Swann mechi zilikuwa chache na mabeki waliruhusiwa kumpiga mtu ngwala mpaka atubu. Lakini mipira 336! Sterling Sharpe ameingia 2025 na mipira 595. Shingo ilimkatisha na simwonei wivu. Ila Sharpe aliitwa wa saba, Swann raundi ya kwanza. Mnaanza kuona mchezo?

Wapiga kura ni kama 50, wengi wao waandishi wa habari, na ili upite unahitaji asilimia 80 yao. Mtu aliyeanza na jina kubwa akifanya wastani wanasema "alitimiza". Aliyeanza bila jina akifanya makubwa wanatafuta aliyembeba. Smith alialikwa Pro Bowl, mechi ya nyota wa ligi, mara tatu tu, wanalitoa hilo kama ushahidi, wakati waliomnyima mwaliko walikuwa wanafuata majina yaleyale.

NYONGEZA (saa mbili baadaye)

Mkuu hapo chini umesema naleta ubaguzi ambao haupo, kwamba Kurt Warner, Warren Moon, John Randle na Antonio Gates wote hawakuchaguliwa kwenye drafti na wote wamo. Kweli kabisa, na nakupa heko kwa kuja na hoja. Lakini mtazame mmojammoja. Warner alikuwa anapanga bidhaa kwenye rafu za supamaketi, Gates alicheza kikapu chuoni. Hadithi tamu zinazojiuza zenyewe. Smith alisoma, akasubiri, akafanya kazi. Waandishi hawana la kuandika hapo.

Na kwa mpokeaji nenda kamwulize Drew Pearson wa Dallas. Hakuchaguliwa 1973, akawa mpokeaji wa kikosi bora cha miaka ya sabini, msimu wake wa mwisho ni 1983. Januari 2020 kamera zilikuwa nyumbani kwake, ndugu na jamaa wamejaa, wanasubiri jina lake kwenye televisheni. Halikusomwa. Mzee alivunjika mbele ya dunia nzima. Wakamwingiza 2021, ana miaka 70. Ndicho ninachokiogopa. Smith alicheza mara ya mwisho 2006, na ikifika miaka 25 jina linatolewa kwenye orodha ya kawaida na kutupwa kapu la wazee, ambako foleni yake haina mwisho. Hesabu ni rahisi, imebaki miaka ya kuhesabika.

NYONGEZA YA PILI

Wa "Denver wenyewe mbona hawakumsahau": ndiyo, wamemweka kwenye duara la heshima la uwanja wao, 2012. Jina liko pale juu, mvua na theluji vinalipiga. Nitampeleka yule kijana wa fulana mpya msimu ukifunguliwa, tiketi naikata mimi, nimwoneshe kwa kidole.

Wenye kubisha waendelee, ila kwa masharti: leteni jina la mpokeaji aliyemo Canton aliyedaka zaidi ya nusu ya mipira yake kwa makwotabeki watano wasiomo Canton. Mimi nalala, zamu yangu inaanza saa kumi alfajiri na nje kuna barafu.