Kofia ya kunasa mawimbi ya ubongo na michezo ya kompyuta: je, mkono uliopooza unarudi?

Mkazi wa Nkuhungu:
Ndugu wanajukwaa, mama yangu mdogo anayeishi Kongwa alipatwa na kiharusi mwaka jana. Bega la kulia linanyanyuka kidogo, lakini vidole havifunguki. Nimesoma kwamba nchi za nje wagonjwa huvalishwa kofia inayonasa umeme wa ubongo, kisha hucheza michezo ya kompyuta kwa kukusudia tu kuusogeza mkono. Je, mkono wenyewe unapata nguvu, au ni mchezo tu unaokwenda?

Fizio wa Makole:
Pole sana kwa kuuguza, ndugu yangu. Mtu anapokusudia kusogeza mkono, hata kama mkono haumtii, mawimbi ya ubongo ya kati ya mizunguko 8 na 13 kwa sekunde hufifia katika eneo linaloongoza mkono huo. Kofia hunasa badiliko hilo na kompyuta huligeuza kuwa mwendo kwenye skrini. Tiba lakini inataka zaidi ya hapo: papo hapo kusudio linapotokea, misuli ya mkono ishtuliwe kwa umeme mdogo, au mkono unyanyuliwe na mashine, ili ubongo upokee hisia ya mwendo uleule ulioukusudia. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kwenye jarida la Nature Communications, wenye wagonjwa 27 waliopooza kwa muda mrefu, walioshtuliwa misuli kwa kufuata kusudio la ubongo walipata nafuu kubwa kuliko walioshtuliwa bila kulifuata. Idadi hiyo ni ndogo, lakini inaonyesha kwamba mkono wenyewe unaweza kupata nafuu, hasa mshtuo unapofuata kusudio la ubongo.

Mwana wa Bahi:
Naongezea kuhusu michezo. Mwaka 2016 jarida la Lancet Neurology lilichapisha utafiti wa wagonjwa 141 wa kiharusi, ambapo kundi moja lilicheza michezo ya Nintendo Wii, mashine ya michezo ya skrini inayoongozwa kwa kuchezesha mkono, na jingine likacheza karata, bingo na michezo mingine rahisi. Mikono ya makundi yote mawili iliendelea vizuri, bila tofauti ya maana kati yao. Kwa hiyo mama mdogo aletewe bao. Kuokota kete na kuzisambaza shimo hadi shimo ni zoezi halisi la vidole.

Mkazi wa Nkuhungu:
Ahsanteni sana. Bao lipo nyumbani. Je, tuanze nalo?

Fizio wa Makole:
Bado kidogo. Wagonjwa wa utafiti ule wa Wii na karata walikuwa na mwendo fulani mkononi, ilhali vidole vya mama havifunguki. Akilazimishwa kuokota kete atakata tamaa. Anzeni na kioo: kisimame mezani katikati ya mikono yake miwili, mkono mgonjwa ukiwa nyuma ya kioo, naye atazame taswira ya mkono wenye afya ukifungua na kufunga vidole, huku akikusudia mikono yote miwili ifanye hivyo. Bao lifuate vidole vikianza kuitika, hata kwa kusukuma kete tu juu ya meza. Nawaombeni sana, mnapomwinua asivutwe kwa mkono huo, kwa sababu bega lililolegea huteguka kwa urahisi na maumivu yake huzuia mazoezi yote. Mpelekeni pia kwenye kitengo cha utengamao cha hospitali ya rufaa hapa Dodoma, apimwe bega na vidole kabla hamjaongeza mazoezi.