Mama kaandikiwa dawa ya miguu, dukani wanasema ni ya vichaa. Nishaurini wakuu

Mjukuu_wa_Uru

Wakuu habari za jioni. Niko Moshi, maeneo ya Rau. Mama mzazi ana miaka 67, kisukari anacho mwaka wa 12 sasa. Tangu mwaka jana miguu inamuwaka moto usiku, anasema ni kama kakanyaga pilipili ya kusaga. Shuka likigusa vidole anaruka. Analala miguu ikiwa nje ya blanketi, na baridi hii ya Julai mnaijua. Wiki iliyopita daktari kamwandikia amitriptilini, nusu ya kidonge cha miligramu 25 kila usiku.

Sasa kimbembe. Tulipokwenda kununua, binti wa duka la dawa akauliza kwa sauti mbele za watu, "Mgonjwa wa akili ni nani?" Mama nilikuwa naye. Kufika nyumbani, mdogo wangu aliyeko Arusha akagugo na kutupia kwenye grupu la familia: "Hiyo ni dawa ya sonona!" Basi mama kavificha vidonge nyuma ya picha ya marehemu mzee. Kaniambia, "Nimekulea miaka yote hii, leo unataka kunipeleka Mirembe kwa vichaa?"

Daktari kakosea? Na kama hajakosea, kwa nini dawa ya miguu iitwe dawa ya sonona?

Mangi_Kiboriloni

Mkuu hizo ni dawa za kulevya, bi mkubwa atakuwa teja uzeeni. Mkande miguu kwa maji ya moto yenye chumvi, halafu mafuta ya nyonyo. Utanishukuru.

Nesi_wa_Sakina

Mangi, tafadhali! Mguu wa mtu mwenye kisukari haukandwi kwa maji ya moto. Neva zikishaharibika anaweza kuungua asihisi, mnakuja kushtuka ngozi imebanduka. Vidonda vya hivyo nimevifunga vingi, sitaki kusikia.

Na kuhusu uteja: dawa za akili zinazodhibitiwa kimataifa zimo kwenye mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971. Diazepamu imo, jedwali la nne. Amitriptilini haimo. Kiswahili chetu nacho kinatuponza, kidonge cha hospitali ni "dawa" na heroini ni "dawa".

Mzee_wa_Kaunta

Mjukuu, daktari hajakosea. Nimesimama nyuma ya kaunta ya dawa miaka 30 na ushee, na swali lako nimelisikia sana, ila wengi huuliza kwa kunong'ona.

Dawa huwa na jina la kikemia, refu, hakuna anayelitaja. Ina jina la biashara ambalo kiwanda kinajitungia. Halafu lipo la kimataifa linalopitishwa na Shirika la Afya Duniani, utaratibu ulioanza 1950 na orodha ya kwanza ikatoka 1953. Hilo ni kama majina ya koo zetu, ukilisikia tu unakisia mtu ni wa Rombo au Machame. Ila dawa ukoo wake uko mkiani: diazepamu, lorazepamu, klonazepamu, wote ni ndugu. Amitriptilini ndugu yake ni nortriptilini.

Kilichomtisha mama si jina la dawa, ni jina la kundi. Na makundi haya yalipatikana kwa bahati tu. Klopromazini ilitengenezwa Ufaransa mwisho wa 1950, ikitokana na kazi za dawa za mzio. Daktari wa upasuaji, Laborit, akaona inawatuliza wagonjwa wake, na 1952 Delay na Deniker wakaipeleka kwa wagonjwa wa akili pale Paris. Iproniazidi ilikuwa dawa ya kifua kikuu. Wagonjwa wa hospitali moja ya New York wakaanza kuchangamka kupita kiasi. Hebu fikiria wodi ya TB ya Kibong'oto ya zamani watu wameinuka wanacheza! Imipramini nayo, Kuhn wa Uswisi aliijaribu kwa wagonjwa wa akili wenye skizofrenia, haikufua dafu, ila wenye sonona wakainuka. Amitriptilini ikafuata njia hiyo hiyo, 1961 ikaingia sokoni Marekani kama dawa ya sonona. Kibandiko kikaganda hapo.

Lakini kidonge hakisomi kibandiko. Kinachofanya ni kuziacha kemikali za ubongo, serotonini na noradrenalini, zikae muda mrefu zaidi kati ya neva na neva. Hizo ndizo zinazotumika pia kwenye njia inayoshuka kutoka ubongoni hadi uti wa mgongo kupunguza maumivu. Angalia dozi: sonona mara nyingi hupewa miligramu 75 na kuendelea, mama kapewa 12.5. Wataalamu wenyewe wameona mkanganyiko huu, miaka ya 2010 wakapendekeza dawa hizi ziitwe kwa kazi zinayofanya mwilini, siyo kwa ugonjwa. Kwenye kaunta zetu bado haijafika.

Cha kuuliza daktari ni kingine: moyo wake ukoje, ana presha ya macho, anatumia dawa ya maumivu ya tramadoli? Mdomo utakauka, choo kinaweza kuwa kigumu. Akiamka usiku akae kwanza kitandani, asiinuke ghafla akaanguka. Asitegemee nafuu kesho, ni wiki kadhaa. Na akishazoea asiache ghafla bila kumwona daktari.

Mjukuu_wa_Uru

Shikamoo mzee. Nimemsomea mama yote, ya Kibong'oto nikarudia mara mbili maana alicheka. Akauliza, "Kwa hiyo ya TB iliwachezesha, na hii ya wazimu inalaza miguu?" Nikasema ndiyo. Daktari nimempigia, moyo aliupima, macho tunakwenda Jumatano. Vidonge vimetoka nyuma ya picha, viko kwenye kopo la majani ya chai.

Kabaki na moja. Jumamosi kuna kipaimara cha mjukuu wake, na pombe ya mbege haikosi. Anasema kibuyu kimoja tu.

Mzee_wa_Kaunta

Marahaba. Mbege na kidonge hicho vyote vinalaza. Mwambie achukue soda, na kibuyu akishike tu mkononi kwenye picha.

Mangi_Kiboriloni

Hapo mzee umemwonea bi mkubwa.