Tupeane uzoefu: Nani bado ana mbegu halisi ya mifugo ya asili, na sera imemsaidia au imemsukuma kuiacha?

Ndugu wafugaji, naanza mimi wa upande wa Longido. Kwetu kondoo alikuwa yule mwekundu wa Kimaasai, hadi Dorper wenye asili ya Afrika Kusini walipoingia kupitia Kenya na kupendwa mnadani kwa uzito wao. Uzito huo siukatai. Hata hivyo, mvua zikizidi na malisho yakajaa minyoo inayonyonya damu tumboni, kondoo wenye damu nyingi ya Dorper hupauka ufizi na kuvimba chini ya taya, ilhali wekundu wanaendelea kunyonyesha. Hizi si hisia za wazee tu, kwa kuwa utafiti uliofanyika Diani, pwani ya Kenya, katika miaka ya 1990 ulionyesha kwamba wanakondoo wa Kimaasai walikuwa na mayai machache ya minyoo na vifo vichache kuliko Dorper. Baba yangu alikataa kuhasi madume mekundu, na ndiyo maana mbegu tunayo. Majirani waliobadilisha madume yote sasa wanayatafuta mbali.

Mchangiaji, Karagwe
Mleta mada, kwetu habari ni ya ng'ombe wa Ankole. Miradi ya kopa ng'ombe lipa ng'ombe ilituletea mitamba chotara wa Friesian, na nakiri kwa shukrani kwamba maziwa yao yamesomesha watoto wengi. Kinachoniumiza ni kwamba sijaona mradi hata mmoja uliokopesha mtamba wa Ankole, kana kwamba ng'ombe anayetembea mbali kutafuta maji wakati wa kiangazi hana thamani yoyote ya kuwekewa bajeti. Mimi nimegawa boma: chotara wako karibu na nyumba, Ankole wako malishoni, na dume la Ankole haliuzwi.

Mchangiaji, mtaalamu wa mifugo mstaafu, Dodoma
Tusiwasahau ng'ombe wa Mpwapwa. Hao ni kazi ya kituo chetu cha utafiti tangu zama za ukoloni, ambapo zebu wetu, yaani ng'ombe wa asili wenye nundu, walichanganywa na Sahiwal na Red Sindhi wa Bara Hindi pamoja na damu kidogo ya Ayrshire, ili apatikane ng'ombe wa maziwa na nyama anayestahimili ukame wa nyanda za kati. Wamebaki wachache. Kundi dogo hupandana ndugu kwa ndugu, na bajeti ya shamba la serikali ikikatwa mwaka mmoja, madume ndiyo huuzwa kwanza. Mbegu za dume zilizogandishwa kwa ajili ya uhimilishaji, yaani kupandikiza jike mbegu bila dume kumpanda, ni akiba nzuri, lakini naamini haziwezi kuchukua nafasi ya kundi hai lililo mikononi mwa wafugaji.

Mchangiaji, Uingereza
Ninafanya kazi katika shamba la kondoo na ng'ombe huku. Shirika la Rare Breeds Survival Trust lilianzishwa mwaka 1973 na hutoa orodha ya mbegu zilizo hatarini. Aidha, katika mikataba ya serikali ya kutunza mazingira, mfugaji anayelisha mifugo ya asili iliyo hatarini kwenye eneo la mkataba anaweza kupata malipo ya nyongeza. Jambo nililojifunza ni kwamba daftari la ukoo, yaani kumbukumbu ya wazazi wa kila mnyama, hutangulia. Mnyama asiyeandikwa katika daftari hilo hawezi kuthibitishwa, na asiyethibitishwa halipiwi.

Mleta mada
Nashukuru sana, hasa kwa hilo la daftari. Mwaka 2007, huko Interlaken, Uswisi, mataifa yalipitisha mpango wa dunia wa kuhifadhi rasilimali za vinasaba vya mifugo, kwa hiyo msingi wa kudai upo. Ningependa halmashauri, kabla ya kugawa madume ya kigeni, zikubaliane na vijiji vichache ambavyo mbegu halisi itaachwa bila kuchanganywa, ziandikishe wanyama hao, kisha zinunue madume yao kwa bei ya mbegu na si kwa bei ya nyama. Wenye zebu weupe wa Singida, mbuzi wa Newala na kuku aina ya kuchi, tuelezeni: madume yenu mnayatoa wapi, na je, afisa ugani wenu amewahi kuyaorodhesha?