Acheni kutuletea Padshahnama kama msahafu!

Wakuu, leo nina hasira na siifichi. Kila tukimjadili Shah Jahan, mfalme wa Wamughal wa India, hakosi mtu wa kuibuka na Padshahnama, kitabu cha historia ya utawala wake: "Imeandikwa na aliyekuwepo." Aliyekuwepo nani? Abdul Hamid Lahori, mzee aliyekuwa ametulia zake mjini Patna, akaitwa na mfalme aje kumwandika mfalme! Kabla yake Muhammad Amin Qazvini alishaandika miaka 10 ya mwanzo ya utawala huo. Akawekwa kando, Lahori akaiandika upya miaka ileile. Kisha waziri Sadullah Khan akaipitia kazi. Huyo ndiye shahidi wenu?

Kilichonichoma ni njaa ya majimbo ya Gujarat na Dekani huko India, 1630 hadi 1632. Lahori mwenyewe anakiri: watu walitoa uhai wao kwa mkate na hakuna aliyewanunua, mifupa ya wafu ilisagwa, ikachanganywa na unga, ukauzwa. Nimeurudia mstari huo mara tatu, mwili unanisisimka. Halafu huyo, kahamia kwenye sifa: majiko ya chakula cha bure, na pale mjini Burhanpur rupia 5,000 kila Jumatatu kwa wiki 20. Yaani 100,000. Ndizo mnazonukuu hapa mkimwita baba wa maskini!

Na msiniletee msamaha wa kodi wa rupia milioni 7. Shamba lililokosa mvua, mwenyewe kafa au kakimbia, kodi ungeidai kwa nani? Mfalme alikuwa Burhanpur kwa ajili ya vita vya Dekani, na jeshi lake lilikuwa likila kutoka nchi hiyohiyo iliyokauka.

Sasa someni habari za Kiti cha Tausi, kiti cha enzi cha mfalme huyohuyo, 1635. Hapo Lahori hachoki kuhesabu: kazi ya miaka 7, vito vya rupia milioni 8.6, dhahabu tola 100,000 (tola ni kipimo cha uzito cha India) yenye thamani ya milioni 1.4. Jumla milioni 10. Mara 100 ya sadaka ya Burhanpur! Dhahabu imepimwa tola kwa tola, wafu wa Gujarat hawakuhesabiwa.

Peter Mundy, mfanyabiashara Mwingereza, alitoka Surat kwenda Agra mwaka 1630. Huyo hakuandika kwa amri ya mfalme, na aliandika maiti alizozikuta zimetapakaa njiani. Atakayerudi hapa na ukarimu wa Burhanpur, aje na maiti hizo pia.