Kuhamisha faili kompyuta hadi kompyuta nyumbani: waifai, kebo, diski ya nje au adapta za umeme, ipi inawahi?

msafiri_data
Wakuu habari zenu. Nina dekstopu ya zamani na laptopu mpya, nataka kuhamisha picha na video za familia, kama GB 600 hivi. Nilianza na waifai spidi ikawa inacheza kati ya MB 3 na 7 kwa sekunde, nikachomeka zote mbili kwenye ruta kwa kebo ikapanda hadi MB 11 halafu ikaganda hapo hapo. Nimepiga hesabu ni masaa 15 na ushee, na kompyuta ikizima katikati naanza upya. Sasa sijui nikomae na kebo, nirudi waifai nikae karibu na ruta, nitafute diski ya nje au zile adapta zinazopitisha mtandao kwenye soketi za umeme. Nisaidieni jamani, video za mtoto wangu akianza kutembea zipo humo na diski ya dekstopu imeanza kutoa mlio wa tik tik.

fundi_nyaya
Mkuu hiyo 11 isiyotikisika imeshakujibu. Megabiti 100 ukigawa kwa 8 ni megabaiti 12.5, ukitoa mizigo ya mtandao wenyewe inabaki 11 na pointi. Tatizo likiwa diski au antivairasi spidi huwa inapanda na kushuka, ila ikiganda namba moja namna hiyo ujue kuna sehemu wamekubaliana kwenda megabiti 100 badala ya 1000. Fungua mipangilio ya mtandao, sehemu ya Etheneti (mtandao wa kebo), usome spidi ya kiungo (Link speed). Fanya hivyo kwenye kompyuta ZOTE mbili maana mmoja tu akiwa 100 safari nzima ni 100.

mlinzi_wa_faili
Mbona wote tumepita huo mlio kama hatujausikia? Diski ikianza tik tik huenda iko njiani kufa, usiisubirishe kwa habari za spidi. Hamisha kwanza folda ya hizo video za mtoto, sasa hivi, hata kwa hiyo 11, halafu ndio tuje kulinganisha njia.

msafiri_data
Sawa dada, nimeianzisha, ni GB 40 tu.

mawimbi5
Mimi natetea waifai kidogo. Wengi wanaiona mbovu kwa sababu kompyuta zote mbili wameziweka hewani, hapo kila kipande cha faili kinapanda kwenye ruta halafu kinashuka tena kwa hewa ile ile, kwa hiyo spidi inakatika nusu. Muache mmoja kwenye kebo, mwingine umpeleke kwenye waifai ya 5 GHz, ile bendi ya kasi zaidi, chumba kimoja na ruta, utaona tofauti kubwa. Mimi napata MB 50 mpaka 60 hivyo. Ila kwa GB 600 hapana, mtu akipita au jirani akiwasha ya kwake inayumba.

fundi_nyaya
Na hizo adapta za umeme ziache kwa kazi hii. Zinategemea nyaya za nyumba yenyewe, na nyingi zimeandikwa megabiti 500 au 600 kwenye boksi lakini tundu lake la kebo ni la 100, kwa hiyo unarudi kwenye 11 ile ile. Zinafaa pale ambapo huwezi kuvuta kebo na waifai haifiki, basi.

mlinzi_wa_faili
Diski ya nje mimi naipenda kwa sababu moja, mwisho wa siku unabaki na nakala ya ziada. Lakini angalia tundu unalochomeka, dekstopu za zamani nyingi ni USB 2 na hiyo kwa kawaida inatoa MB 30 hadi 40, halafu unakopi mara mbili, kuingiza na kutoa. Na diski ikiwa imepangwa kwa FAT32, mfumo wa zamani wa kuhifadhi faili, video ikifika GB 4 inakataa kabisa, ibadilishe iwe exFAT kabla hujaweka kitu.

msafiri_data
Video za mtoto zimefika zote, nimefungua kadhaa zinacheza. Sasa spidi ya kiungo: laptopu inasema 1000, dekstopu inasema 100! Kebo ya dekstopu inapita chini ya mlango na kuna sehemu imebanwa mpaka imekuwa bapa kama utepe.

fundi_nyaya
Hapo hapo. Kebo ina nyaya 8, spidi ya 100 inatumia 4 tu, za machungwa na za kijani. Za bluu au kahawia zikikatika kompyuta bado zinaongea vizuri kabisa, intaneti inafunguka, hakuna anayekuambia kitu, ila 1000 haipatikani maana hiyo inazitaka zote 8. Ndio maana watu wanakaa na kebo mbovu miaka. Weka nyingine iliyoandikwa Cat5e, daraja hilo la kebo linatosha sana.

msafiri_data
Aisee!! Nimebadilisha kebo, sasa MB 108. Ila nikifika folda ya picha inaanguka mpaka 15, ni picha kama 70,000.

mlinzi_wa_faili
Hiyo ni kawaida, kila faili dogo linafunguliwa, linaandikwa, linafungwa, na diski yako ya kuzunguka inarukaruka kutafuta. Kuna watakaokwambia uzizipu kwanza, yaani uzifunge zote kwenye faili moja, kwa diski inayolia usifanye, utakuwa unaisoma na kuiandikia kwa pamoja. Kama ni Windows tumia robocopy, amri ya kukopi iliyomo humo humo, weka /E (folda za ndani zote) /R:1 (ijaribu tena mara moja tu) /W:1 (isubiri sekunde moja). Usiache hizo mbili za mwisho, bila hizo ikikuta faili bovu inajaribu tena mara milioni moja, kila mara inasubiri sekunde 30. Ikikatika ukianzisha tena inaruka zilizofika, kwa hiyo huanzi upya.

msafiri_data
Imemaliza alfajiri. Faili 9 zimegoma kusomeka, picha tupu, hakuna video. Nawashukuru sana, nilikuwa nimeshakata tamaa.

mlinzi_wa_faili
Zima hiyo dekstopu usiiwashe ovyo. Kwa hizo 9 tumia ddrescue kwenye Linux, programu ya kuokoa data kwenye diski mbovu, inavuta kwanza sehemu ambazo bado ni nzima halafu ndio inarudi kwenye mbovu.

fundi_nyaya
Na ile kebo ya mlangoni ikate vipande viwili kabisa, ukiiweka akiba kuna siku mtu wa hapo nyumbani ataichomeka tena.