Mdogo wangu Japani kaalikwa kucheza Awa Odori, mama hataki

Dada wa Kiborloni
Shikamooni wakubwa. Mdogo wangu anasoma Tokushima, Japani. Wenzake wamemwalika kucheza Awa Odori, ngoma ya barabarani ya huko, mwezi wa nane. Mama ni mzee wa kanisa hapa Moshi; kasikia ni msimu wa kupokea roho za waliokufa, kamkataza asikanyage huko. Mimi namwonea huruma kubaki bwenini peke yake mji mzima ukiwa barabarani. Aliyewahi kufika atueleze.

Baba Furaha
Mama ameshasema. Mtoto akae mbali na mizimu.

Mkazi wa Njiro
Dada, nilisoma kule na ngoma hiyo nimeicheza. Usimwambie mama ni disko tu, si kweli. Inaangukia Obon, siku ambazo Wajapani huamini wazee wao waliofariki wanarudi nyumbani. Watu wanatoka Tokyo na Osaka, kila mtu kwao, wanasafisha makaburi. Mwambie ni kama Desemba yetu, tunavyopanda mlimani kwenye kihamba, shamba la ukoo, na kupalilia makaburi ya mababu kwenye migomba. Hapo atakuelewa.

Ibada yenyewe iko nyumbani, makaburini na hekaluni. Barabarani, tarehe 12 hadi 15 Agosti, ni ngoma. Kila kikundi, wao wanaita ren, kina sare yake, shamisen (gita la Kijapani la nyuzi tatu), filimbi, ngoma, na kengele ya kugonga inayoongoza mapigo. Wanawake wanavaa kofia za majani zilizokunjwa katikati, wanacheza kwa ncha za vidole vya miguu wakiwa kwenye viatu vya mbao. Wanaume wanachuchumaa nusu, mikono juu, mapaja yanawaka! Dini haulizwi mtu. Asiye na kikundi anaingia niwaka-ren, kikundi cha yeyote anayetaka, anaelekezwa palepale na kucheza na nguo zake. Mimi nasema aende, tena kwa baraka za mama, siyo kwa kujificha.

Akivaa yukata, lile vazi jepesi la Kijapani, upande wa kushoto ukae juu. Kulia juu huvishwa maiti. Na anywe maji sana, Agosti ya kule siyo baridi ya Moshi.

Dada wa Kiborloni
Asante sana kaka. Nimemsomea mama. Kanyamaza, halafu kauliza makaburi wanayasafishaje.

Mkazi wa Njiro
Kwa maji, ndoo na kata. Wanaosha jiwe, wanaweka maua, wanachoma udi. Kijana ampigie mama video amwonyeshe na barabara yenyewe.